Mali bila daftari hupotea bila habari: jinsi biashara zinavyotumia taarifa za wateja katika matangazo ya mtandaoni



UTANGULIZI

Methali iliyotumika kama kichwa cha somo hili imefundishwa katika semina nyingi za ujasiriamali, na matunda yake yanaonekana. Vikundi vingi sasa vinaandika mapato na matumizi. Hata hivyo, liko daftari la pili ambalo vikundi vingi havina, nalo ni daftari la mteja. Kikundi kinajua kwamba kimeuza chupa 60 za asali mwezi huu, lakini hakijui ni nani walionunua, kama waliwahi kununua kabla, wala kama watarudi tena.

Kampuni kubwa za dunia zimejengwa juu ya daftari hili la pili. Siku hizi vikundi vyetu navyo vinatangaza bidhaa kwa WhatsApp, Facebook na Instagram, na vinapokea malipo kwa simu. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali nasi. Limeshaingia mlangoni.

Somo hili lina malengo matatu:
(a) Kueleza jinsi biashara zinavyokusanya na kutumia taarifa za wateja;
(b) Kuonyesha hatua ambazo kikundi kidogo kinaweza kufuata bila gharama kubwa;
(c) Kutaja mipaka ambayo sheria, pamoja na heshima ya mteja, vinatuwekea.

1. TAARIFA ZA MTEJA NI NINI?

Taarifa za mteja zimegawanyika katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni zile anazozitoa mwenyewe: jina, namba ya simu, mahali anapoishi, bidhaa anayoitaka.

Aina ya pili ni zile anazoziacha kwa matendo yake bila kuandika chochote. Amenunua lini, amenunua nini, amefungua ujumbe au ameupita, ametazama picha ya bidhaa mara ngapi. Mtandaoni alama hizi ni nyingi kuliko dukani. Mwaka 1994 mtaalamu wa kampuni ya Netscape ya Marekani, Lou Montulli, alibuni faili dogo liitwalo kuki, ambalo tovuti huliweka ndani ya kompyuta ya mtu ili imtambue akirudi. Nia ya mwanzo ilikuwa njema, yaani tovuti ikumbuke kile ambacho mteja ameweka katika kikapu chake. Baadaye kampuni za matangazo zilitumia njia hiyo hiyo kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Aina ya tatu ni taarifa zinazokisiwa. Mteja hajasema wala hajafanya jambo hilo, bali biashara imelikadiria kutokana na yale mengine. Aina hii ndiyo yenye nguvu kubwa, na ndiyo yenye hatari kubwa, kama tutakavyoona.

2. MFANO WA UINGEREZA: KADI YA TESCO

Kabla ya mwaka 1995, maduka ya Tesco ya Uingereza yalijua vizuri ni bidhaa gani zimeuzwa, lakini hayakujua zimeuzwa kwa nani. Mwaka huo kampuni ilianzisha kadi ya pointi iitwayo Clubcard. Mteja alijaza fomu, akapewa kadi, na kila aliponunua aliionyesha ili apate pointi kulingana na fedha alizotumia. Baada ya kila miezi mitatu alitumiwa kwa posta kuponi za kumpunguzia bei.

Waliosaidia kuchambua taarifa hizo ni mtu na mkewe, Clive Humby na Edwina Dunn, ambao walikuwa wameanzisha kampuni yao ndogo ya uchambuzi mwaka 1989. Walifanya jambo ambalo ni rahisi kulieleza: waliwagawa wateja katika makundi kulingana na vitu wanavyonunua, si kulingana na umri au mtaa wanaoishi tu. Mwenye mtoto mchanga alipata kuponi tofauti na mzee anayepika chakula cha mtu mmoja. Baadhi ya kuponi zilikuwa za vitu ambavyo mteja huvinunua kila mara, na nyingine za vitu ambavyo hajavinunua bado lakini watu wanaofanana naye huvinunua.

Mwaka huo huo wa 1995 Tesco iliipita Sainsbury's na kuwa muuzaji mkubwa wa vyakula nchini Uingereza. Hatuwezi kusema kadi peke yake ndiyo iliyoleta ushindi huo, kwa sababu kampuni ilifanya mambo mengine pia. Lakini fundisho lake limebaki. Pointi zile hazikuwa zawadi tu. Zilikuwa malipo, na kilichonunuliwa ni taarifa. Mteja alijua kwamba anatoa kitu na anapokea kitu.

3. KUTOKA DUKANI HADI MTANDAONI

Kampuni ya Amazon ilianza kuuza vitabu kwa intaneti mwaka 1995. Wengi waliowahi kuitembelea tovuti yake wameona maneno yanayoeleza kwamba walionunua kitu hiki walinunua pia kile. Mwaka 2003 wataalamu watatu waliofanya kazi Amazon walichapisha maelezo ya njia hiyo. Hawakulinganisha mtu na mtu, kwa kuwa wateja walikuwa mamilioni na kazi hiyo ingekuwa nzito mno. Walilinganisha bidhaa na bidhaa. Ni kama mwenye duka la kijijini anayejua kwamba anunuaye sukari mara nyingi huulizia na majani ya chai. Tofauti ni kwamba kompyuta inafanya hivyo kwa mamilioni ya bidhaa na haisahau.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuza nafasi ya kumfikia mtu sahihi. Mwaka 2000 Google ilianza kuuza matangazo yanayotokea kulingana na maneno ambayo mtu anatafuta. Anayetafuta mashine ya kusaga anaonyeshwa mashine, si viatu. Mwaka 2012 Facebook iliruhusu biashara kupeleka orodha ya simu au barua pepe za wateja wake, ili tangazo liwafikie watu hao hao. Mwaka 2013 ikaongeza uwezo wa kutafuta watu wengine wanaofanana na wateja hao kwa mwenendo.

4. KUPIMA BADALA YA KUBISHANA

Katika vikao vyetu mara nyingi tunabishana kuhusu bango au ujumbe upi ni mzuri, na mwishowe anashinda mwenye sauti kubwa au mwenye cheo. Biashara za mtandaoni zina njia nyingine. Wateja wanagawanywa bila upendeleo, kundi moja linaonyeshwa tangazo la kwanza na jingine la pili, kisha idadi ya walioitikia inahesabiwa.

Mfano unaojulikana sana hautoki katika biashara bali katika kampeni ya Barack Obama ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008. Ukurasa wa kuandikisha wafuasi katika tovuti yake ulijaribiwa kwa namna 24, yaani maneno 4 tofauti ya kitufe pamoja na picha na video 6 tofauti. Wafanyakazi wa kampeni walipenda zaidi video. Majibu yalionyesha kwamba video zote zilifanya vibaya kuliko picha. Picha ya familia, pamoja na kitufe chenye maneno ya kumwalika mtu ajifunze zaidi, iliongeza walioandikishwa kutoka asilimia 8.26 ya waliotembelea ukurasa hadi asilimia 11.6. Hakuna mtu katika kikao ambaye angeweza kulijua hilo kwa kubahatisha.

5. AFRIKA MASHARIKI: SIMU NDIYO DAFTARI

Kwetu sisi, daftari kubwa la wateja halikuanzia katika kadi za maduka. Lilianzia katika simu. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari nchini Kenya, ambapo mtu aliweza kukopa kwa simu. Hakuulizwa hati ya shamba wala mdhamini. Kilichoangaliwa ni jinsi alivyotumia simu yake na fedha zake za simu. Kwa mama muuza mboga asiye na hati ya kitu chochote, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwenendo wake wenyewe ulimtolea ushahidi.

Lakini kisu kinachokata mboga kinaweza kukata na kidole. Zilifuata programu nyingi za mikopo ambazo ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji. Aliyechelewa kulipa alisikia kwamba mjomba wake, mwajiri wake, hata mchungaji wake wamepigiwa simu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba zilizopatikana kwa watu wengine na kutuma ujumbe wa vitisho. Nchini Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilifungia majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Katika uamuzi ule ule wa Kenya wa Septemba 2023 wapo wengine wawili walioadhibiwa, na tunaomba kamati zisome sehemu hii kwa makini. Ukumbi wa starehe wa Casa Vera ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000, ambayo ndiyo faini kubwa kuliko zote tatu, kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule hiyo haikuwa ikitishia mtu. Ilikuwa inajitangaza.

6. HATUA TANO KWA KIKUNDI KIDOGO

Sehemu kubwa ya yale yanayofanywa na kampuni kubwa yanaweza kufanyika kwa daftari la kawaida na simu moja.

Hatua ya kwanza: Fungua daftari la mteja. Safu zinazohitajika ni chache: jina, simu, tarehe, bidhaa, kiasi cha fedha, alisikia habari zetu wapi, na je, ameruhusu tumtumie ujumbe. Safu hii ya mwisho isiachwe wazi. Kitu ambacho hakitatumika kisiandikwe. Kabila, dini na umri wa mnunuzi wa asali havitusaidii kuuza asali.

Hatua ya pili: Panga wateja kwa maswali matatu. Wauzaji wa kwa posta walitumia maswali haya kabla ya intaneti, na bado yanafanya kazi. Alinunua mara ya mwisho lini? Amenunua mara ngapi? Ametumia kiasi gani kwa jumla? Tuchukue mfano wa kikundi chenye wateja 120 kwa mwaka. Tuseme 30 walinunua mara tatu au zaidi, 40 walinunua mara mbili, na 50 walinunua mara moja tu wakapotea. Hayo ni makundi matatu yanayohitaji maneno matatu tofauti. Wa kwanza washukuriwe na waarifiwe mapema asali mpya inapovunwa. Wa pili wakumbushwe. Wa tatu waulizwe kwa upole kulikuwa na tatizo gani. Huenda kifuniko kilivuja, na hakuna tangazo linaloweza kuziba kifuniko.

Hatua ya tatu: Tuma ujumbe unaomhusu mtu. Ujumbe mmoja kwa watu wote kila siku unawafanya wafunge simu zao. Ni afadhali ujumbe mmoja kwa mwezi unaosema jambo ambalo mteja analihitaji. Kila ujumbe uonyeshe njia rahisi ya kujitoa, na anayejitoa atolewe siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: Jaribu mara mbili mbili. Wale 50 waliopotea wagawanywe kwa kura, 25 kwa 25. Kundi moja litumiwe ujumbe wenye bei, jingine ujumbe unaoeleza asali imetoka wapi. Tahadhari: kwa idadi ndogo kama hii, tofauti ya wateja 3 kwa 5 si ushahidi. Rudieni jaribio mara kadhaa kabla ya kuamua.

Hatua ya tano: Hesabu faida, si alama za kupendwa. Kikundi kikilipia tangazo la Facebook kwa shilingi 20,000, likapata alama za kupendwa 200 na wateja 2, basi kila mteja ameghari­mu shilingi 10,000. Kama faida ya chupa moja ni shilingi 3,000, tangazo hilo ni hasara mpaka kila mmoja wa wateja hao anunue chupa ya nne. Daftari la mteja ndilo litakalotuambia kama alirudi. Alama za kupendwa hazilipi ada ya shule.

7. MIPAKA

Mwaka 2012 jarida la gazeti la New York Times lilieleza jinsi maduka ya Target ya Marekani yalivyotumia hesabu kubaini wateja wajawazito. Mtakwimu wa kampuni hiyo, Andrew Pole, alipata bidhaa zipatazo 25 ambazo zikinunuliwa kwa pamoja zilionyesha kwamba mwanamke huenda ana mimba, na hata kukadiria mwezi wa kujifungua. Kampuni ilipoona kwamba wateja wangeshtuka, ilichanganya matangazo ya nepi na ya vitu vingine visivyohusiana, ili yaonekane yametokea kwa bahati. Yaani badala ya kumwomba mteja ruhusa, ilificha kwamba inajua.

Tusidhani hayo ni ya Marekani tu. Kikundi kinachouza unga wa lishe kina wanunuzi ambao wengi wanauguza nyumbani. Orodha ya wanunuzi wa unga ule, ikiachwa mezani, ni orodha ya wagonjwa wa kijiji. Daftari la wakopaji wa kikundi ni orodha ya wenye shida. Mwandishi hakukusudia hivyo, lakini msomaji atalisoma hivyo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa lugha nyepesi, sheria inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi halali lililoelezwa, zitumike kwa kusudi hilo tu, ziwe sahihi, zilindwe, na zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa zinatakiwa kujisajili kwenye Tume. Mtu ana haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Aidha, taarifa za afya, za imani ya dini na za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwa kamati mambo manne:

(i) Rejista ya usharika isiwe soko. Namba iliyoandikwa siku ya ubatizo wa mtoto haikutolewa kwa ajili ya kuuziwa asali, hata kama asali ni ya kikundi cha usharika huo huo. Msharika anayetaka kuwa mteja aandikwe upya katika daftari la mteja, kwa hiari yake.

(ii) Orodha ya wateja isiuzwe wala kuazimwa, hata kwa rafiki wa mradi. Isipelekwe Facebook bila wateja kuelezwa na kukubali.

(iii) Simu na daftari la kikundi viwe na mtunzaji anayejulikana, kama ilivyo kwa mtunza hazina. Akimaliza muda wake akabidhi kwa maandishi, na afute nakala iliyo katika simu yake binafsi.

(iv) Picha za watoto na za wagonjwa zisitumike kutangaza bidhaa. Kwa picha nyingine idhini iombwe kwanza, tena kwa lugha ambayo mwenye picha anaielewa.

Hapa tunalo neno pia kwa marafiki zetu wafadhili. Ni haki yenu kujua fedha zimefanya kazi gani, na tunajua kwamba picha na majina huwagusa wale mnaowaomba mchango. Lakini mama aliyepokea mbuzi wa mkopo hakutoa uso wake kama riba. Tunaomba taarifa zenye hesabu zilizokaguliwa, na masimulizi ambayo wenyewe wameyakubali, zikubalike kuwa ushahidi wa kutosha. Asiyetaka kutajwa asihesabiwe kuwa mradi wake haukufanikiwa.

HITIMISHO

Wahenga walisema pia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taarifa za wateja hazigeuzi bidhaa mbaya kuwa nzuri. Kazi yake ni kumsaidia muuzaji asikilize wateja 120 kwa makini kama anavyomsikiliza mmoja aliyesimama mbele yake. Akifanya hivyo kwa ruhusa yao, watarudi. Akifanya kwa siri, ipo siku watajua, na mteja aliyepotea kwa sababu hiyo harudishwi na kuponi.

MASWALI YA MAJADILIANO KWA KAMATI

1. Ni vikundi vingapi katika usharika wetu vinauza kwa simu au mtandaoni? Kati ya hivyo, ni vingapi vina daftari la mteja?
2. Namba za simu za washarika ziko mikononi mwa nani sasa? Je, ziliwahi kutumika kwa jambo lisilo lile zilizoandikiwa?
3. Tafuteni picha tano za mwisho ambazo usharika umeweka mtandaoni. Je, kila aliyeonekana aliombwa idhini? Ambazo hazina idhini tutazifanyaje?
4. Chagueni kikundi kimoja kianze hatua ya kwanza na ya pili kwa miezi mitatu. Nani atafuatilia, na ataleta taarifa katika kikao kipi?